Mechi Nne za Kufika Brazil

Tuanze na hesabu chungu, maana tukizifunika leo zitatuumbua kesho mbele ya kamera. Tanzania imeshiriki fainali za Mataifa ya Afrika kwa wanawake, WAFCON, mara mbili: mwaka 2010 kule Afrika Kusini na Julai 2025 kule Morocco. Kenya imeshiriki mara moja, mwaka 2016 nchini Cameroon. Kwa pamoja zimecheza mechi tisa. Zimefungwa nane na kutoka sare moja. Ushindi hakuna. Si Twiga Stars ya Tanzania wala Harambee Starlets ya Kenya, hakuna aliyewahi kutoka uwanjani kwenye fainali hizo na pointi tatu mfukoni.

Nayasema haya mapema kwa sababu tangu droo ya fainali za 2026 ipangwe, vijiwe vyetu vya soka vimejaa maneno ya "kundi jepesi" na "safari hii tunatoboa". Kundi jepesi kwa timu ambayo haijawahi kushinda hata mara moja ndilo lipi? Wanaobeza nao sikubaliani nao. Mlango uliofunguliwa safari hii ni mpana kuliko wowote tuliowahi kuona, na anayecheka tu akaendelea na habari za usajili wa Simba na Yanga atapitwa na jambo kubwa.

Fainali za 2026 nchini Morocco ndizo mchujo wa Afrika wa kwenda Kombe la Dunia la wanawake litakalochezwa Brazil mwaka 2027. Timu nne zitakazoingia nusu fainali zinakwenda Brazil moja kwa moja. Zitakazotolewa robo fainali bado zitapigania nafasi mbili za kwenda kwenye mtoano wa mabara. Timu zimeongezwa kutoka 12 hadi 16, makundi manne, mbili za juu katika kila kundi zinavuka. Kwa hiyo hesabu ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuiandika kiganjani: mechi tatu za kundi, robo fainali moja, na ukishinda hiyo robo unakata tiketi ya Brazil. Mechi nne. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, hakuna hata moja iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la wakubwa, la wanaume wala la wanawake. Wanaume wetu wamehangaika na mechi za kufuzu miaka nenda rudi bila kuukaribia umbali huo. Mabinti wamebakiza mechi nne.

Na tuseme ukweli wao, maana mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Twiga Stars na Starlets hawakuokotwa. CAF ilipoongeza idadi ya timu baada ya mchujo kwisha, waliorudishwa kwa ubora wa viwango vya FIFA ni Cameroon, Ivory Coast, Mali na Misri, wote wakiwa wamepoteza raundi ya mwisho. Tanzania ilikuwa imeshafuzu uwanjani kwa kuwatoa Equatorial Guinea, mabingwa wa Afrika wa 2008 na 2012, kisha Ethiopia. Kenya iliwatoa Tunisia, kisha Gambia kwa jumla ya mabao 4-1. Ni mara ya kwanza kwa majirani hawa wawili kuwamo katika fainali moja.

Droo ikaitupa Tanzania Kundi B na Afrika Kusini, Ivory Coast na Burkina Faso. Kenya ikaangukia Kundi A na wenyeji Morocco, Algeria na Senegal. Hapo ndipo njia za watani hawa zinapoachana, na nitaanza na ya kwetu kwa sababu ndiyo yenye maneno mengi.

Afrika Kusini tunafahamiana nao vizuri. Mwaka 2010, mechi ya Twiga Stars ya wakati ule, chini ya Charles Boniface Mkwasa na nahodha Sophia Mwasikili, iliisha kwa Banyana Banyana, timu yao, kushinda 2-1. Februari 2024, kwenye mchujo wa Olimpiki ya Paris, walikuja Chamazi wakatufunga 3-0 nyumbani kwetu, halafu wakamalizia 1-0 kwao. Waliokuwapo Chamazi siku ile wanakumbuka jinsi mpira ulivyokuwa ukirudi golini kwetu kila tulipoupiga mbele. Miezi 17 baadaye, Julai 11, 2025, mjini Oujda, timu zilezile zikakutana. Opa Clement akafunga dakika ya 24. Tukaongoza kwa dakika 46 mbele ya waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, mpaka beki wao wa kati Bambanani Mbane aliposawazisha dakika ya 70. Mechi ikaisha 1-1, pointi yetu ya kwanza na ya pekee hadi sasa katika historia ya fainali hizi.

Kutoka 4-0 kwa mechi mbili hadi 1-1 kwenye uwanja usio wa nyumbani kwa yeyote si bahati. Mwaka huohuo wa 2025, mwezi Juni, Twiga Stars walikuwa wametwaa ubingwa wa CECAFA hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 2021, walikwenda kama wageni waalikwa kwenye mashindano ya COSAFA ya kusini mwa Afrika wakaondoka na kombe, baada ya kuwatoa Zambia kwa penalti katika nusu fainali na kuwafunga Malawi 1-0 katika fainali. Timu hii imekuwa ikipanda ngazi mojamoja.

Lakini kuna mechi nyingine ya Julai ile ninayoikumbuka zaidi kuliko sare ya Oujda. Ni ile ya kwanza, dhidi ya Mali, usiku wa Sabasaba. Niliiangalia katika kibanda umiza kimoja Temeke, watu wakiwa bado wana vumbi la viwanja vya maonesho. Hatukuwa wengi. Mwenye banda alikuwa amezoea kujaza mabenchi kwa Ligi ya Uingereza, na usiku ule wengine walikuwa wameingia kujikinga na baridi ya Julai tu. Kipindi cha kwanza tulicheza vizuri. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekaa mbele yangu, kofia ngumu ikiwa magotini, alikuwa akisema kila dakika, "Hawa wanakaba, bwana, hawa wanakaba." Kisha, zikiwa zimebaki pumzi chache kuelekea mapumziko, Saratou Traoré akafunga. Yule kijana hakupiga kelele. Alisema tu, "Wangeupiga nje huo." Mechi ikaisha 1-0.

Wangeupiga nje huo. Ukiniuliza ni nini kinachotutenganisha na robo fainali, nitakujibu kwa maneno ya yule bodaboda. Mchezaji aliyezoea mechi ngumu anajua kwamba dakika ya 45 si wakati wa kujenga mashambulizi kutoka nyuma. Anaupeleka mpira kwa mashabiki, anafunga kamba za kiatu, anamwita daktari, anarusha mpira taratibu mpaka refa amwangalie kwa jicho kali. Ujanja huo haufundishwi ubaoni. Unaupata kwa kufungwa mara nyingi katika mechi zenye maana ukiwa bado mdogo, ukalia, ukarudi wiki inayofuata. Mabinti wetu hawapati mechi hizo za kutosha, na hawazipati katika umri uleule ambao wenzao wanazipata zaidi.

Tatizo letu lina umri. Linaanza miaka 17 na kuishia kama 22.

Angalia ushahidi. Oktoba 2022, Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Japani wakatufunga 4-0, na mitandaoni watu wakaanza kejeli zao za kawaida. Kisha tukawafunga Ufaransa 2-1. Ufaransa! Tukatoka sare ya 1-1 na Canada, tukaingia robo fainali, na huko Colombia wakatutoa kwa 3-0. Hiyo ilikuwa timu ya nane bora duniani, iliyofundishwa na Bakari Shime, kocha yuleyule aliyewapeleka Twiga Stars Morocco 2025. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Kenya. Junior Starlets wa kocha Mildred Cheche wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya umri wowote na ya jinsia yoyote, kucheza Kombe la Dunia. Kule Jamhuri ya Dominika walifungwa na Uingereza 2-0 na Korea Kaskazini 3-0, kisha wakawafunga Mexico 2-1 wakaondoka na vichwa juu.

Kwa hiyo binti wa Afrika Mashariki akiwa na miaka 17 anaweza kumfunga Mfaransa na Mmexico. Miaka mitano baadaye, yule Mfaransa anacheza ligi ya kulipwa yenye mechi zaidi ya 20 kwa msimu, anatazamwa na daktari wa timu, anakula chakula kilichopangwa, na akiumia goti anatibiwa. Wa kwetu yuko wapi?

Nenda kwenye kiwanja chochote cha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwezi Juni ukamtafute. Mistari ya chokaa imeshafutwa nusu na upepo. Mwalimu wa michezo ana filimbi shingoni na orodha ya majina kwenye karatasi ya daftari. Pembeni kuna binti anavua njumu zake haraka, anampa mwenzake anayeingia, kisha anakaa kwenye nyasi kwa soksi. Ndani ya uwanja kuna kiungo mmoja, mwembamba, anapokea mpira akiwa ameshageuza kichwa kuangalia nyuma, kitu ambacho viungo wengine wa Ligi Kuu ya wanaume hawakifanyi. Mwaka kesho anamaliza kidato cha nne. Baada ya hapo hakuna UMISSETA. Klabu ya wanawake iliyo karibu naye iko mkoa mwingine, na wazazi wanauliza swali la haki kabisa: atalala wapi, atalipwa nini, na mpira ukiisha atakuwa nani?

Kwa jibu la swali hilo, pongezi nyingi hazijakwenda panapostahili. Walioshikilia soka la wanawake katika nchi zetu kwa miaka hii ni watu wa magwanda. JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, imekuwa kiini cha Twiga Stars kwa sababu inaweza kumwambia mzazi kitu ambacho klabu nyingi za kiraia haziwezi: kuna ajira. Stumai Abdallah, aliyetufungia bao letu pekee dhidi ya Ghana Julai ile, ni wa JKT Queens. Kenya nao wana Ulinzi Starlets ya jeshi na Kenya Police Bullets ya polisi. Simba Queens na Yanga Princess wana jina na mashabiki, na Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. Sitawavunjia heshima. Lakini binti anayetoka kijijini na mama yake wanaelewa haraka zaidi neno "ajira ya jeshi" kuliko neno "mkataba wa mwaka mmoja".

Upande wa shule, Kenya wametuzidi, tukubali. Wiyeta, Butere na Madira zimekuwa zikizalisha wachezaji wa timu za taifa kwa namna ambayo sisi tumeanza kuiona karibuni kupitia Fountain Gate ya Dodoma, ambayo wasichana wake walitwaa ubingwa wa shule za Afrika mwaka 2023 kule Durban. Hata Pwani ya Kenya, ambako watu hudhani mpira wa wasichana hauna nafasi, ndiko alikotoka Mwanahalima Adam, zao la Matuga Girls kule Kwale. Ila Kenya ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo uko ofisini.

Mwaka 2018 CAF iliiondoa Equatorial Guinea kwa kosa la kumchezesha mchezaji asiyestahili, na Starlets wakaambiwa wameingia WAFCON ya Ghana. Wakaingia kambini. Siku chache kabla ya mashindano, mahakama ya usuluhishi wa michezo ikairudisha Equatorial Guinea, na mabinti wa Kenya wakaambiwa warudi makwao. Hilo tuseme halikuwa kosa la ofisi yao. Lakini mwanzoni mwa 2022, katikati ya mgogoro wa serikali na shirikisho uliowaletea Kenya adhabu ya FIFA, Starlets walijiondoa kwenye mechi za kufuzu dhidi ya Uganda. Uganda wakapita bila kutoka jasho, wakaenda Morocco. Wachezaji waliokuwa kwenye ubora wao wakakaa nyumbani kwa sababu ya wanaume wenye suti kugombania viti. Kati ya fainali za 2016 na za 2026 kuna miaka kumi. Katika soka la wanawake, hicho ni kizazi kizima.

Na droo haikuwahurumia. Morocco wamefika fainali mbili mfululizo, 2022 na 2025, zote nyumbani, na wamepoteza zote mbili. Ya pili iliuma zaidi: walikuwa wakiongoza 2-0 dhidi ya Nigeria pale Rabat, wakafungwa 3-2, na Nigeria wakaondoka na kombe lao la kumi. Timu yenye kidonda cha namna hiyo haitakuwa na huruma kwa mgeni kundini. Algeria ni balaa la aina nyingine. Mwaka 2025 walicheza mechi nne kule Morocco bila kuruhusu bao hata moja ndani ya muda wa mchezo, wakazuia hata Nigeria, wakatolewa na Ghana kwa mikwaju ya penalti. Katika mechi hizo nne wao wenyewe walifunga bao moja tu. Kucheza na Algeria ni kuingia kwenye foleni ya ofisi ya serikali: hakuna anayekutukana, ila jua linazama hujahudumiwa. Senegal ndio wanaofungika, na nao si wepesi. Mwaka huohuo walitolewa robo fainali na Afrika Kusini kwa penalti tu.

Nikisoma kundi hilo, naiona Kenya ikihitaji sare na Algeria na ushindi dhidi ya Senegal. Inawezekana? Ndiyo, kwa timu inayofahamiana. Wakenya wengi wamekomaa nje ya Kenya, na baadhi yao hapahapa kwetu: Jentrix Shikangwa amefunga mabao Simba Queens mpaka mashabiki wa Msimbazi wakasahau ni Mkenya. Nguvu ya mbele wanayo. Wasiwasi wangu ni nyuma, na unatokana na mechi zao tatu za 2016: walifungwa mabao matatu, matatu na manne. Timu inayoruhusu mabao kumi katika mechi tatu haiokolewi na mshambuliaji.

Wanaotaka kujua jambo hilo vizuri zaidi wawatazame jirani zetu Zambia. Hakuna nchi ya ukanda huu iliyofika mbali kama wao: Olimpiki mbili mfululizo, Kombe la Dunia 2023, nafasi ya tatu WAFCON 2022. Wana Barbra Banda, aliyefunga bao pekee la fainali ya ligi ya Marekani mwaka 2024 akiwa Orlando Pride. Wana Racheal Kundananji, ambaye uhamisho wake kwenda Bay FC mwaka huohuo ulivunja rekodi ya dunia ya ada kwa mwanamke. Washambuliaji wawili kama hao katika timu moja ya Afrika ni neema. Na bado Kombe la Dunia walifungwa 5-0 na Japani, 5-0 na Hispania, kabla ya kuwafunga Costa Rica 3-1. Olimpiki ya Paris walipata mabao matano dhidi ya Australia, Banda peke yake matatu, na wakapoteza 6-5. Julai 2025 Nigeria wakawapiga tano bila. Wachezaji wawili wa dunia waliipeleka Zambia kila mahali. Mabeki ambao hawakuwa na ligi ya kuwakomaza ndio waliowarudisha nyumbani.

Congo nao wana somo lao, na hili linawahusu ndugu zetu wa Lubumbashi moja kwa moja. Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika kwa kuwafunga AS FAR ya Morocco 1-0, palepale Morocco. Miezi minane baadaye timu ya taifa ya Congo ikaenda nchi ileile ikapoteza mechi zote tatu za kundi, ikiwemo 4-0 kwa Senegal, na fainali za 2026 haimo. Klabu moja tajiri inaweza kuzishinda klabu nyingine za bara zima. Haiwezi kuwa ligi.

Sasa watazame hao Morocco wenyewe. Kati ya mwaka 2000 na 2022 hawakuonekana kwenye WAFCON hata mara moja. Walikuwa nyuma yetu Tanzania, tuliokwenda 2010. Mwaka 2020 shirikisho lao likaamua kuwa na ligi za kulipwa za wanawake za madaraja mawili, na likakubali kubeba mzigo wa gharama zake. Miaka miwili tu baadaye AS FAR wakawa mabingwa wa klabu Afrika na timu ya taifa ikacheza fainali. Mwaka 2023 wakafungwa na Ujerumani 6-0 kwenye mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, kisha wakawafunga Korea Kusini 1-0 na Colombia 1-0, wakaingia 16 bora huku Ujerumani wakirudi nyumbani. Pesa wanazo, ndiyo, na hilo ndilo jibu ambalo viongozi wetu hukimbilia. Lakini hatukosi pesa za viwanja. Tanzania, Kenya na Uganda zinajenga na kukarabati kwa ajili ya AFCON ya wanaume ya 2027. Fainali za wanawake hazijawahi kuchezwa Afrika Mashariki, na sijasikia nchi yetu yoyote ikiziomba kwa sauti kubwa.

Twiga Stars wamepata njia ya mkato, ambayo ni wachezaji kuondoka. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess, akapita Hispania, sasa ni jina kubwa Saudi Arabia akiwa na Al Nassr. Julietha Singano amecheza miaka kadhaa Mexico na FC Juárez. Opa Clement amepita Uturuki. Aisha Masaka alikwenda BK Häcken ya Sweden akagusa Ligi ya Mabingwa Ulaya, kisha akasajiliwa na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Hawa wamejijengea wenyewe kile ambacho ligi yetu haikuweza kuwapa katika ile miaka mitano: mechi nyingi, ngumu, zenye mshahara. Ukimwangalia Singano anavyocheza dakika za mwisho, unaona mtu ambaye angeupiga nje ule mpira wa Mali. Ila hawafiki kumi na moja, na timu haichezi na nusu.

Ndiyo maana kambi ina uzito kuliko hotuba. Wachezaji wa nje wakifika siku nne kabla ya mechi ya kwanza, wanafika wakiwa na miguu mizuri na lugha tofauti ya mpira. Mabeki wa JKT wanasubiri kukaba chini, winga wa Saudi anataka presha juu, katikati panabaki shimo, na Afrika Kusini huliona shimo kabla hata wimbo wa taifa haujaisha. Mechi mbili za kirafiki na timu za Afrika Magharibi, zile zinazopiga kiwiko na kuruka juu, zitatufaa kuliko bonanza lolote la kuwaaga uwanja wa ndege. Ghana walitupiga 4-1 mechi ya tatu, siku tatu tu baada ya Oujda. Waliocheza vizuri na Banyana walionekana wazi kuwa wamechoka, na benchi halikuwa na wa kuwapokea. Hapo ndipo kocha anatakiwa awe mkatili: mechi mojawapo ya tatu ipumzishe watu.

Ningekuwa mimi, ningeipumzisha ile ya Afrika Kusini. Najua mashabiki watanisuta, maana ndiyo mechi ya jina. Lakini Burkina Faso wameingia fainali hizi mara moja tu kabla, mwaka 2022, na huko walitoka sare ya 2-2 na Uganda. Ivory Coast walikuwa wa tatu Afrika mwaka 2014, wakaenda Kombe la Dunia, kisha wakapotea. Fainali za Julai 2025 hawakuwamo, na hizi wameingia kwa mlango wa upanuzi. Wana miili na wana kasi, watatusumbua kwenye mipira ya juu. Hata hivyo hizo ndizo mechi mbili za kushinda, na ndizo zinazostahili miguu mibichi ya Luvanga na Opa tangu dakika ya kwanza.

Utabiri wangu: Tanzania pointi nne au tano, nafasi ya pili, robo fainali. Kenya pointi tatu au nne, na kusubiri matokeo ya mechi nyingine kwa redio sikioni. Robo fainali yenyewe sitaitabiri, maana inategemea nani amepumzika na nani ana kadi ya njano. Ninachokitaka shirikisho letu, TFF, wakitangaze kabla ya timu haijapanda ndege ni tarehe ya kuanza kwa ligi ya wanawake ya msimu ujao na idadi ya mechi zake, ili yule kiungo mwembamba wa UMISSETA ajue kidato cha nne kikiisha anaripoti wapi.